Pumzi ya Zizi la Pili

Punda wawili wa mchota maji walikufa Jumamosi, wa kwanza kabla ya chai ya asubuhi na wa pili jua lilipopanda, na kufika Jumatatu kesi yao ilikuwa imekwisha kabla haijaanza. Koplo alikuwa na mtu mahabusu. Alikuwa na maelezo ya mtu huyo, na juu ya meza aliweka kopo la dawa ya kuogeshea mifugo lililokutwa chini ya kitanda chake. Kilichobaki ni kumfikisha mahakamani Jumanne saa tatu.

Jalada lililetwa kwa mpelelezi mkuu wa kituo ili atie sahihi tu. Wenzake walimwita Mama Polepole, mbele yake na nyuma yake, na hakuwahi kukasirika. Alikuwa mama wa watu wazima watatu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuna aliyewahi kumwona akitia sahihi kitu chochote akiwa amesimama. Aliketi. Akavua viatu chini ya meza. Nje ukungu ulikuwa bado umelalia barabara, na magari yalipita ndani yake taratibu kama vitu vinavyokumbukwa nusunusu. Akasoma.

Maelezo yalikuwa na sentensi moja: "Walikula mkononi mwangu." Chini yake koplo alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba mtuhumiwa amekiri.

Polepole alimwuliza amekiri nini. Koplo akajibu kwamba amekiri kuwalisha punda sumu. Polepole akamwomba amwonyeshe neno sumu lilipo. Koplo akaitazama karatasi kwa muda, kana kwamba neno hilo lilikuwepo jana na leo limetoka kidogo.

"Kila mtu anajua waligombana, afande," alisema hatimaye. "Yeye na mchota maji. Kwa sababu ya geti."

"Yeye na mchota maji," alisema Polepole. "Sasa punda walimkosea nini?"

Aliyekuwa mahabusu ni mlinzi wa mazizi ya kunenepeshea ng'ombe, yaliyo mwisho wa barabara ya lami. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mkavu, na wenzake walimwita Kimya. Polepole alimkuta ameegemea ukuta, viganja vimelala juu ya magoti, anavitazama kama vitu alivyoachiwa na mtu amtunzie. Ilimchukua mpelelezi nusu saa kupata kwake mambo ambayo mtu mwingine angeyasema kwa pumzi moja. Ugomvi wa geti ulikuwa kweli, na ulikuwa wa kipuuzi. Kopo lilikuwa lake, la kuogeshea mbuzi wake wanne. Na kwa karibu mwaka mzima, kila asubuhi, alikuwa akiwakusanyia wale punda mabaki ya horini, kwa sababu walifika na mzigo wa maji tumbo tupu, na bwana wao aliwalisha jioni tu.

Jumamosi walikula kama kawaida. Tayari Ijumaa aliwaona wazito, akadhani ni uchovu. Jumamosi hiyo hawakufika mbali; walianza kutoka jasho, wakalowa kama waliopigwa na mvua, na yule jike akaja kulaza kichwa begani mwake. Akamwacha alale. Baadaye ndipo alipoelewa kwamba hakuwa amelala.

"Mabaki ya hori lipi?" aliuliza Polepole.

Kimya aliinua macho. Ilionekana hakuna aliyemwuliza hilo.

"La karibu na tangi," alisema, akarudi kwenye viganja vyake.

Kabla hajatoka kituoni, Polepole alimpigia simu bwana mifugo aliyewapasua wale punda. Alisema si dawa ya kuogeshea. Hiyo ingewatoa mapovu na kuwatetemesha, na yeye hakuona dalili hizo. Si sumu ya panya pia. Alichokiona ni mioyo iliyopauka, yenye michirizi myeupe, kama nyama iliyopitishwa kwenye maji ya moto. Vipande vimepelekwa maabara na majibu ni baada ya wiki tatu. Polepole alimshukuru. Wiki tatu mlinzi angekuwa ameshafungwa na kusahaulika.

Akavaa viatu, akamwambia koplo alete gari.

*

Harufu ilianza kabla mazizi hayajaonekana. Iliingia dirishani pale lami ilipoishia: karafuu kwanza, kisha mdalasini, kisha chini yake kitunguu saumu kilichokaushwa, na chini kabisa utamu mzito wa molasi. Vumbi la pumba lilikuwa limening'inia hewani, na jua likipita ndani yake lilikuwa na rangi ya asali. Koplo alifunga kioo. Polepole alikifungua cha kwake zaidi.

Mazizi yalikuwa matatu, sambamba, maksai kumi na wawili kila moja. Wengi walikuwa wamelala wakicheua, wakubwa, wanang'aa, macho nusu wazi. Hakuna kilichokuwa na haraka pale. Mkia uliinuka, ukakaa hewani, ukashuka. Koplo, ambaye kwa kawaida huongea hadi anapotafuna, alijikuta amenyamaza.

Aliyewapokea aliitwa Daktari, ingawa hajawahi kumdunga mtu sindano. Udaktari wake ulikuwa wa lishe ya mifugo, wa kusoma, na aliupata mbali. Lakini alikuwa amezaliwa palepale, kwenye nyumba ya wafanyakazi nyuma ya ghala, binti pekee wa fundi wa mashine ya kusaga. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, kucha zake zilikuwa za kahawia kwa unga wa majani, na alizungumza na mpelelezi kwa adabu ya mtu ambaye hajapata usingizi wa kutosha.

Alieleza kazi yake kwa ufupi. Maksai wakikaribia kuchinjwa hunenepeshwa kwa siku mia moja. Wafugaji wengi huwachanganyia dawa ya kiwandani inayolisaidia tumbo kukitumia chakula chote bila kupoteza. Yeye aliamini kazi hiyo inaweza kufanywa na mimea: karafuu, kitunguu saumu, mdalasini, na maganda ya miti miwili aliyoifanyia utafiti kwa miaka sita. Mwenye mazizi alimpa nafasi moja ya kuthibitisha. Zizi la kwanza lilikula chakula kitupu, la pili chakula chenye dawa ya kiwandani, la tatu chakula chenye majani yake. Siku ya mia, atakayeshinda ndiye atakayelisha mazizi yote ya tajiri huyo. Akishindwa, chumba chake cha kukaushia majani kitakuwa stoo.

Leo ilikuwa siku ya tisini na tatu. Polepole alimwuliza nani anaongoza.

"Zizi la pili," alisema Daktari, na akatazama pembeni. "Kwa kilo kumi na moja kila kichwa. Walianza kunipita kwenye upimaji wa pili na sijawashika tena."

Wakati huo mchota maji aliingia getini. Alikuwa amejifunga mikono ya mkokoteni mwenyewe, kifua mbele, madumu ishirini nyuma yake, anavuta kama mtu anayetembea ndani ya maji ya kiunoni. Polepole alimwacha apite, akamfuata taratibu hadi kwenye tangi. Lilikuwa nyuma ya zizi la tatu, hatua tano kutoka horini. Chini yake saruji ilikuwa mpya, bado na alama za mwiko.

Mchota maji alikuwa na hasira iliyokwisha kuchoka. Alisema Kimya ni mtu wa kinyongo na Mungu anamwona. Polepole hakubishana naye. Alimwuliza tu maji amekuwa akiyamimina hapa tangu lini. Akajibu kwamba tangu Jumanne iliyopita. Zamani tangi lilikuwa kule getini, karibu na zizi la kwanza, lakini bomba lilipasuka, wakachimba, wakalihamishia huku.

Polepole aliketi kwenye ukingo wa saruji na kufumba macho. Koplo alidhani amesinzia. Baada ya dakika moja alisema, akiwa bado amefumba:

"Mwaka mzima wanakula mabaki ya zizi la kwanza, wazima. Tangi linahama Jumanne. Wanakula mabaki ya zizi la tatu, na Jumamosi wamekufa. Koplo, kopo lako la dawa limehama mara ngapi?"

Koplo alikiri kwamba halijahama. Kisha, kwa kuwa hakuwa mjinga bali mtu wa haraka tu, akageuka na kumtazama Daktari. Zizi la tatu lilikuwa la majani yake.

Daktari alikuwa ameshaelewa. Aliingia katika chumba chake, akatoka na mtungi wa kioo, akachota unga wa majani kwa vidole vitatu na kuutia mdomoni. Akatafuna. Akachota tena.

"Nimekula huu kila wiki kwa miaka sita," alisema. "Na punda nimewapa, afande, kabla ya ng'ombe, kwa sababu najua watu wanawatupia mabaki. Hauwadhuru. Kama nadanganya, ngoja hapa mpaka jioni uone."

Polepole alimwambia hana haja ya kungoja. Alimwuliza swali jingine: humu ndani kuna kitu gani kinachoweza kumwua punda na kumwacha ng'ombe akinawiri?

Daktari aliacha kutafuna. Aliwaongoza hadi ghalani, akawasha taa, akawaonyesha mifuko ya dawa ya kiwandani iliyopangwa juu ya mbao. Kila mfuko ulikuwa na picha ya kichwa cha ng'ombe, kikubwa, chenye tabasamu. Kwenye kona ya chini, si kubwa kuliko stempu, palikuwa na kichwa cha farasi kilichopigwa mstari mwekundu.

"Farasi na punda," alisema Daktari. "Kiasi kidogo tu. Inawala moyo. Lakini hii haiwezi kufika zizi la tatu, afande. Ni ya zizi la pili peke yake. Baba ndiye anayechanganya, anamimina kwa mkono wake, hamwachii mtu. Miaka thelathini hajawahi kukosea kopo moja."

Polepole alisoma maandishi yote ya mfuko, mpaka anwani ya kiwanda. Kisha akatoka nje.

*

Ilikuwa saa sita. Vivuli vilikuwa vimejikunja chini ya miguu ya vitu. Mashine ya kusaga ilinguruma chumbani kwake, ng'ambo ya zizi la tatu, na kwa sababu ya mngurumo ule usiobadilika kila kitu kingine kilionekana kimya. Polepole aliegemea ua wa zizi la pili. Vumbi la asali lilishuka juu ya nywele zake. Alikuwa akiwaza mkono wa mtu asiyekosea, na macho yakawa mazito, na kwa muda hakujua kama anawatazama maksai au anawaota.

Mmoja alikuja. Mkubwa, mwekundu, hereni ya njano sikioni. Alisogea hadi kwenye ua, akainua kichwa, akampumulia usoni pumzi ndefu yenye joto kutoka tumboni kabisa.

Karafuu.

Polepole alifumbua macho. Hakusogea. Akangoja, na yule maksai akapumua tena, na baada ya karafuu kikaja kitunguu saumu, na mdalasini.

Alitembea hadi zizi la tatu. Pale harufu ya viungo ilikuwa nzito hewani, kwa kuwa chumba cha kusagia kilikuwa karibu, na mtu angeweza kuapa inatoka kwa ng'ombe. Akaita kwa ulimi, akangoja, akaingiza uso kati ya mbao mpaka pua yake ikagusana na pua yenye unyevu. Molasi. Nyasi kavu. Basi. Akajaribu wa pili, na wa tatu. Akaenda zizi la kwanza. Akarudi la pili. Koplo alimtazama afande wake akibusu ng'ombe zizi hadi zizi, akaamua kwamba hilo halitaandikwa kwenye jalada.

Daktari alimfuata, na Polepole akamwuliza anasikia harufu gani hapa. Alicheka kidogo, akasema pua yake ilikufa zamani, ya baba yake vilevile. Hiyo ndiyo mishahara ya kazi hii. Kwake hewa yote ya pale haikuwa na harufu tena.

"Koplo ana pua nzima," alisema Polepole. "Koplo, njoo. Mkaribie huyu mwekundu. Sema."

Koplo alisogea kwa shingo upande. Maksai akampumulia. Koplo akasema ni kama jikoni kwa mama yake.

Daktari alisimama pale pale. Aliitazama hereni ya njano, akalitazama zizi la tatu, akarudi kuitazama hereni. Polepole hakumsaidia. Alimwona akiifuata njia yenyewe, hatua kwa hatua, na akaona mahali alipofika. Kisha Daktari akageuka na kutazama kule mashine iliponguruma.

*

Fundi alipowaona mlangoni alizima mashine. Ukimya uliingia chumbani kama maji. Alikuwa mzee mdogo wa umbo, mweupe kwa pumba mpaka kope, na alijifuta mikono kwa kitambaa kidole kimoja kimoja. Alimkaribisha Polepole kwenye kigoda. Binti yake hakumkaribisha, wala hakumtazama.

Polepole alimweleza alichokinusa. Hakuuliza swali. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayeambiwa saa.

Alisema ilikuwa siku ya kwanza kabisa. Kwa miaka thelathini alikuwa ameona wasomi wakija na majani, mizizi, mwani, wakiondoka, na mifuko ya kiwanda ikibaki. Alijua kitakachotokea. Basi asubuhi ile alimimina dawa kwenye chakula cha zizi la tatu, na majani kwenye cha zizi la pili. Vikishachanganywa na molasi vyote ni rangi moja. Alipoona kwenye upimaji wa pili kwamba zizi la pili ndilo linalokwenda mbele, hakuamini. Akangoja upimaji wa tatu. Kisha alitamani kurudisha mambo yalivyokuwa, lakini alijua binti yake angeuona mstari wa uzito ukivunjika, naye angetafuta sababu, na angeipata.

"Kwa nini, baba?" Daktari alikuwa bado mlangoni.

"Nilitaka ushinde."

"Hukuniamini."

"Wewe nilikuamini," alisema mzee. "Majani ndiyo sikuyaamini."

Daktari aliingia, akaketi juu ya gunia. Alianza kucheka, akaacha.

"Siku tisini na tatu," alisema, "nimewaonea wivu ng'ombe wangu mwenyewe."

Nje maksai mmoja aligonga ua kwa pembe, bila nia. Koplo alifungua daftari, Polepole akamwashiria alifunge.

Kisha Daktari aliuliza jambo ambalo mpelelezi alikuwa amejiandaa kuliuliza yeye.

"Na Kimya? Yuko ndani tangu Jumamosi. Ulipoona wale punda, ulijua?"

Mzee alikunja kitambaa mara mbili.

"Nilijua."

"Tulikula pamoja jioni ile. Ukaniuliza mbona sili."

Machozi yalimtoka mzee bila sauti, yakafanya njia mbili nyembamba kwenye pumba za mashavuni. Baada ya muda alisimama, akakata umeme ukutani, akanawa mikono kwenye ndoo, akachukua koti lake lililokuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Polepole alimwambia hatamfunga pingu.

*

Garini Daktari aliketi nyuma na baba yake, na kati yao palikuwa na nafasi ya mtu wa tatu. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umerudi kwa sura ya vumbi, jua la alasiri likiyeyuka ndani yake. Walikwenda mwendo wa taratibu. Koplo, akitaka kufariji, aliuliza kama basi sasa majani ndiyo yameshinda.

Daktari alijibu akitazama nje. Alisema inategemea. Kama baba yake alibadilisha leo akaacha kesho, basi hakuna zizi lililokula kitu kimoja, na siku zote zile ni takataka. Kama alibadilisha kila siku bila kuruka hata moja, basi ni majina tu yaliyopishana. Unaondoa bango hili unaweka lile, na kazi ni nzima. Kwenye jokofu alikuwa na sampuli ya chakula cha kila wiki, kumi na tatu kwa jumla. Hizo maabara itazisoma.

"Na siku themanini zilizobaki?" aliuliza Polepole.

"Hizo hazina shahidi ila yeye."

Mzee alikuwa akitazama mikono yake. Haikujulikana kama alisikia.

Kituoni, kwenye korido, walikutana na Kimya akirudishiwa mkanda na kamba za viatu. Polepole alimweleza yote palepale, taratibu, bila kupunguza: dawa ilikuwa ya nini, ilifikaje zizi la tatu, na nani alijua. Kimya alikuwa ameinama akifunga viatu. Alifunga kimoja, akafunga cha pili, akakifungua, akakifunga upya. Fundi alimsogelea, akaanza kupiga goti. Kimya alimshika kiwiko kabla hajafika chini, akamsimamisha, akamwachia. Alitaka kusema neno. Wote waliliona likija hadi mdomoni. Halikutoka.

Alimgeukia Daktari.

"Ng'ombe wamekula mchana?"

Daktari alisema hawajala, mashine imezimwa.

"Ng'ombe hawajui kesi," alisema Kimya. "Twende."

Wakatoka pamoja. Koplo aliagizwa awarudishe kwa gari, na njiani ampitie mchota maji amwambie mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba alimkamata mtu asiye na hatia. Koplo aliuliza kama hilo haliwezi kungoja kesho. Polepole alimtazama tu.

Aliingia ofisini na mzee. Akamvutia kiti, akavua viatu chini ya meza, akachukua karatasi safi. Dirisha lilikuwa wazi na mwanga wa jioni ulilala mezani kati yao. Mzee alisimulia kwa sauti ya chini, na kalamu ikamfuata. Walipofika pale pa kubadilisha, Polepole aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi.

"Mzee wangu, nisikilize kabla sijaandika hapa," alisema. "Ukisema ulichanganya mara moja, au mara chache, kwa uzee, kwa uchovu, hakimu ataita kosa. Unaweza kulala nyumbani kwako mwezi huu. Ukisema kila siku, hilo ni kusudi. Nami siwezi kulipamba. Mimi sikuwepo, na sampuli ni za wiki. Utakachosema ndicho kitakachobaki."

Mzee alifikiri. Alikuwa na pumba bado kwenye nyusi.

"Karatasi hii binti yangu ataiona?"

"Akiomba nakala, atapewa. Ina muhuri wa serikali."

"Na wale wasomi wenzake, wakiiona, wataikubali?"

"Sijui wasomi. Mahakamani inakubalika."

Alisogeza kiti karibu na meza, akaweka mikono yote miwili juu ya mbao, mahali penye mwanga.

"Andika kila siku," alisema. "Siku tisini na tatu, na ya leo asubuhi imo. Kuna siku nne niliumwa homa, binti aliniambia nilale. Nilimngoja aondoke nikaenda nikijikongoja. Andika na hizo. Andika kwamba sikuruka."

"Una hakika?"

"Andika vizuri, mama. Isiwe na mahali pa mtu kuuliza."

Polepole alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akaandika, pole pole kama kawaida yake, kwa herufi kubwa zilizonyooka, na alipofika kwenye yale maneno mawili, kila siku, akayapigia mstari chini.